Deni la Shule: Historia ya Chakula cha Mwanafunzi Katika Uwanda wa Kati

Utangulizi

Waandishi wa historia ya elimu katika nchi yetu wamezoea kuhesabu majengo, walimu, vitabu na matokeo ya mitihani. Ni wachache waliopata kuhesabu vyungu. Lakini mwalimu yeyote aliyefundisha katika vijiji vya Ugogo anajua kwamba ifikapo saa nne asubuhi, mwezi wa Januari au Februari, wanafunzi wengi huanza kusinzia. Watoto hao si wavivu, wala somo halijawashinda. Mwaka wa shule huanza Januari, na huo ndio wakati ambapo akiba ya mwaka uliopita imekwisha, mazao mapya yangali machanga shambani, na mtoto ametembea mwendo mrefu bila ya kutia kitu kinywani.

Insha hii inakusudia kueleza historia ya chakula cha mwanafunzi katika uwanda wa kati wa Tanzania, hasa katika Mkoa wa Dodoma, tangu zama za kabla ya ukoloni mpaka leo, ambapo katika mkoa huo huo mmoja twaona watoto waliodumaa kwa kukosa chakula na watoto walionenepa kupita kiasi kwa chakula kisichofaa. Tutajaribu kuonyesha kwamba shule na ghala la nafaka vina uhusiano wa kihistoria ambao mara nyingi umesahauliwa. Shule ilichukua mikono ya watoto iliyokuwa ikililinda ghala. Kwa hiyo shule inadaiwa chakula. Anayeona kwamba chakula cha shuleni ni hisani tu hajaisoma vizuri historia hii.

Nchi na Chakula Chake

Mji wa Dodoma uko katika mwinuko wa mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya mwaka ni kiasi cha milimita 570 kwa wastani, nayo hunyesha tangu Desemba hadi Aprili. Miezi mingine ni ya kiangazi na upepo. Mkulima wa huko hupanda mara moja na kuvuna mara moja. Mvua ikikatika kwa majuma matatu katikati ya Februari, hana msimu wa pili wa kumfidia.

Wenyeji wa nchi hii, Wagogo na jirani zao kama Warangi, Wasandawe na Wakaguru, hawakuishi humo kwa kubahatisha. Wagogo walichagua nafaka zinazostahimili ukame, yaani uwele na mtama. Walifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, na ng'ombe ndiye aliyekuwa akiba yao kubwa: mwaka wa neema nafaka iligeuzwa kuwa mifugo, na mwaka wa njaa mifugo iligeuzwa kuwa nafaka. Desturi ya kuhemea, yaani kusafiri kwenda kutafuta chakula kwa watu waliojaliwa mavuno, ilikuwa na kanuni zake. Mtu alihemea kwa ndugu, kwa mkwe, au kwa rafiki ambaye siku nyingine naye angekuja kuhemea kwake. Mboga za porini zilianikwa juani na kuhifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, na matunda ya mbuyu na mkwaju yalisaidia pale nafaka ilipopungua. Ugali wa uwele na mlenda, pamoja na maziwa, ni chakula ambacho mtaalamu wa lishe wa leo hawezi kukidharau.

Katika mpango huo mtoto alikuwa na kazi yake. Mvulana alichunga mbuzi na ndama kabla ya kukabidhiwa ng'ombe. Msichana alimsaidia mama yake kuteka maji, kuchuma mboga na kutwanga. Lakini ilikuwako kazi moja iliyowahusu watoto wote, nayo ni kuamia ndege. Suke la uwele na la mtama huiva likiwa wazi, bila ya ganda la kulifunika. Kweleakwelea, ndege wadogo wanaoruka kwa makundi makubwa mithili ya wingu, huweza kulimaliza shamba zima kwa siku chache. Kwa hiyo, kuanzia nafaka inapoanza kutia maziwa mpaka siku ya kuvuna, ilibidi watoto wawepo shambani tangu alfajiri hadi jua kuzama, juu ya dungu, wakiwa na makombeo na sauti zao.

Ni muhimu kuitazama kazi hiyo kwa makini. Mtoto wa Ugogo hakuwa mlaji tu wa chakula kilichotafutwa na wakubwa. Alikula nafaka aliyoilinda mwenyewe. Juu ya dungu alijifunza majina ya ndege, tabia za upepo na hesabu ya siku za mavuno. Hiyo ilikuwa ni elimu yenye chakula ndani yake.

Aidha, inafaa kutaja mtazamo wa watu wa zamani juu ya unene. Katika nchi ambamo njaa ilirudi mara kwa mara, mwili wenye nyama ulikuwa ishara ya ghala lililojaa na mifugo yenye afya. Kumwambia mtu kwamba amenenepa ilikuwa ni kumpongeza, na mpaka leo salamu hiyo husikika katika sehemu nyingi za nchi yetu. Mtazamo huo ulikuwa na busara yake, madhali unene wa siku hizo ulitokana na maziwa na nafaka, tena ulikuwa wa muda, kwani mwezi wa Januari haukumsahau mtu.

Mtunya

Katika karne ya 19 Ugogo ilikuwa njia kuu ya misafara baina ya pwani na Unyamwezi. Wasafiri walilipa hongo kwa watemi, wakanunua maji na nafaka. Yaani nchi ambayo wageni wengi waliiandika kuwa ni jangwa ndiyo iliyowalisha maelfu ya wapagazi waliopita humo. Ukame ulikuwepo, na njaa zilikuwepo. Hata hivyo, watu walikuwa na njia zao za kupambana nazo.

Njia hizo zilivunjwa na vita vya wakubwa wa Ulaya. Tangu mwaka 1914 Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya jeshi lao. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Dodoma, nao wakachukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mvua zilipokosekana baadaye, mtu hakuwa na nafaka ndani, hakuwa na ng'ombe wa kuuza, wala hakuwa na vijana wa kwenda kuhemea. Isitoshe, mwaka 1918 ugonjwa wa mafua makali uliokuwa ukienea duniani kote ulifika. Njaa iliyotokea kati ya 1917 na 1920 wenyeji waliiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza kwa undani, amekadiria kwamba watu 30,000 kati ya watu 150,000 wa eneo hilo walikufa. Huyo ni mtu mmoja katika kila watu watano.

Mathias Mnyampala, mshairi mashuhuri wa Kiswahili na mwandishi wa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotoka mwaka 1954, alizaliwa Ugogo mwaka 1917, wakati Mtunya ilipokuwa ikianza. Kizazi chake kilikuwa cha watoto waliosalia. Si ajabu basi kwamba katika masimulizi ya wazee wa Ugogo miaka huhesabiwa kwa majina ya njaa.

Mtunya inatufundisha jambo la kukumbukwa katika sehemu zote za insha hii. Ukame peke yake haukuwaua watu hao. Waliuawa na ukame uliowakuta wakiwa wamenyang'anywa akiba na mikono.

Shule ya Mkoloni na Karanga za Kongwa

Shule za kwanza za kizungu katika uwanda huu zilianzishwa na wamisionari. Kanisa la Kiingereza lilifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na baadaye likaweka vituo mahali pengine kama vile Mvumi na Kongwa. Watoto waliosoma walikuwa wachache. Watawala walipenda kusema kwamba mfugaji haithamini elimu. Lakini tukikumbuka kazi ya dungu na ya ndama, twaona kwamba mzazi alikuwa akipiga hesabu. Kumpeleka mtoto mmoja shule kulikuwa ni kuacha sehemu ya shamba bila mlinzi, na hapana aliyemwambia mzazi huyo nani atakayeifidia nafaka itakayoliwa na ndege.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili lilitokea tukio ambalo kila mwanafunzi wa historia analijua, ingawa si kila mmoja amelitazama kwa upande wa chakula cha watoto. Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ilianza mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, na kituo kikuu cha mwanzo kikawa Kongwa. Matrekta yaliletwa, miti ikang'olewa, maelfu ya watu wakaajiriwa. Wataalamu wa mpango huo hawakuwa wameijua barabara mvua ya nchi, wala udongo wake ambao hukauka ukawa mgumu kama saruji wakati wa kuvuna karanga. Mapema mwaka 1951 mpango huo uliachwa baada ya kutumia pauni milioni 36 hivi.

Sasa tutazame upande wa pili. Sheria ya elimu ya Uingereza ya mwaka 1944 ilizitaka mamlaka za elimu kuwapatia wanafunzi chakula, na sheria ya mwaka 1946 iliwapa maziwa ya bure. Nchi hiyo ilikuwa imeanza kuruhusu chakula cha shule tangu 1906, baada ya kugundua wakati wa vita vya Makaburu kwamba vijana wake wengi walikuwa dhaifu mno kuweza kuwa askari. Hivyo, katika miaka ile ile, serikali moja ilikuwa ikimnywesha mtoto wa Uingereza maziwa darasani, na huku ikiulima uwanda wa Ugogo ili kupata mafuta ya meza za Waingereza. Mtoto wa Kongwa hakuwamo katika hesabu hiyo. Baba yake alipewa kazi ya kibarua. Yeye mwenyewe hakupewa hata kikombe kimoja cha maziwa.

Uhuru, Vijiji na Shule

Taifa letu lilipopata Uhuru mwaka 1961 lilirithi shule chache na hatari ya njaa isiyokwisha. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe pia mahali pa uzalishaji. Kila shule ikawa na shamba. Mwaka 1971 ilifuata Operesheni Dodoma, ambayo iliwahamisha wakazi wa mkoa huo kutoka makazi yao yaliyotawanyika kwenda katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu mwenyewe alikaa Chamwino na kushiriki katika kazi za ujenzi. Mwezi wa Novemba 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba katika muda wa miaka mitatu kila mtoto aliyefikia umri apate elimu ya msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa wamezidi milioni 3.

Chakula nacho hakikusahauliwa. Mwaka 1973 ilianzishwa kwa sheria taasisi ya taifa ya chakula na lishe. Mwaka huo huo kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, na mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Neno utapiamlo likatoka vitabuni na kuzungumzwa vijijini.

Lakini miaka hiyo hiyo ilikuwa migumu. Ukame wa 1973 na 1974 uliilazimisha nchi kununua nafaka kutoka nje, na wananchi wakala unga wa mahindi ya njano walioupachika jina la Yanga. Mashamba ya shule yalifundisha kazi, na penye mvua nzuri yalileta chakula. Katika uwanda wa kati, hata hivyo, shamba la shule lilitegemea mvua ile ile iliyoshindwa katika shamba la mzazi. Mwaka ambao watoto walihitaji sana uji wa shule ndio mwaka ambao shamba la shule nalo lilikauka.

Dungu Lililobaki Tupu

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha insha yetu. Elimu kwa wote ilikuwa ushindi mkubwa, na hakuna mzalendo atakayetamani kurudi nyuma. Hata hivyo, kila ushindi una gharama yake. Mtoto aliyeingia darasani saa moja na nusu asubuhi hakuweza wakati huo huo kuwa juu ya dungu. Mama alibaki peke yake na shamba, na kweleakwelea hawakujua kwamba kuna Azimio la Musoma.

Familia nyingi zilipunguza uwele na mtama, zikaongeza mahindi. Hindi huiva likiwa limefunikwa kwa maganda, kwa hiyo halihitaji mtoto wa kuliamia. Sababu zake zilikuwa nyingi: mahindi yalikuwa na soko, mashine za kusaga ziliyazoea, chakula cha msaada kilikuwa mahindi, na watu wa mjini walianza kuuona ugali mweupe kuwa ndio ugali wa heshima. Lakini sababu ya mikono isidharauliwe. Tatizo ni kwamba hindi lina kiu. Mvua ikikatika wakati linapotoa mbelewele, hakuna mavuno, ilhali uwele wa jirani huweza kungoja na kupata kitu.

Kwa hiyo shule iliondoa ghalani ulinzi wa nafaka iliyovumilia ukame, na badala yake ikaja nafaka isiyouvumilia. Hatusemi kwamba shule ilikosea. Twasema kwamba shule ilikopa. Ilikopa mikono ya watoto kutoka kwa wazazi maskini kuliko wote, na mkopo huo haukuandikwa katika daftari lolote.

Uji wa Msaada na Michango ya Wazazi

Katika miaka ya 1980 na 1990 uchumi wa nchi uliyumba, na wazazi wakatakiwa kuchangia gharama za shule. Ada za shule za msingi zilifutwa kuanzia mwaka 2002, na madarasa yakafurika tena. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutoa chakula katika shule za wilaya zenye ukame, zikiwemo za Dodoma na Singida. Asubuhi watoto walikunywa uji wa unga wa mahindi na soya. Mchana walikula mahindi na kunde au maharage yaliyotiwa mafuta. Walimu waliofundisha wakati huo wanakumbuka namna uji ulivyowavuta watoto darasani kuliko kengele.

Msaada, hata ukiwa mwema, huamuliwa na mwenye kuutoa. Katika muongo uliofuata ulipungua, na vyungu vingi vikafunikwa. Mwaka 2016 Serikali ilianza kutekeleza elimu bila malipo, na michango ya lazima ikapigwa marufuku. Chakula cha mchana kikabaki mikononi mwa wazazi kwa makubaliano yao katika mikutano ya kijiji. Mwaka 2021 ulitolewa mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi, unaozitaka shule, wazazi na viongozi kushirikiana ili kila mwanafunzi apate angalau mlo mmoja awapo shuleni.

Mwongozo ni jambo jema. Lakini kila mwalimu wa kijijini anaijua hali hii: gunia la mahindi limeletwa na baadhi ya wazazi, wengine hawakuleta kwa sababu hawakuvuna. Saa ya kula ikifika, watoto wa waliochanga hupanga foleni na sahani zao, na watoto wa wasiochanga huenda kucheza mbali kidogo, au hurudi nyumbani na wasionekane tena siku hiyo. Asiyevuna ndiye mwenye mtoto mwenye njaa zaidi, na mtoto huyo ndiye anayekosa. Katika mila ya Ugogo mgeni aliyekuta watu wanakula alikaribishwa kunawa mikono. Inakuwaje basi mwana wa kijiji akae nje ya sufuria la shule?

Madhara yake yanaonekana katika miili. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 42 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na katika Mkoa wa Dodoma walikuwa asilimia 56. Mwaka 2022 kiwango cha nchi nzima kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 30. Hayo ni mafanikio, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu.

Unene wa Aina Mpya

Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Uamuzi huo ulitekelezwa polepole kwa muda mrefu, kisha kwa kasi tangu 2016. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na sensa ya mwaka 2022 iliwakuta humo watu zaidi ya 700,000. Pamoja na ofisi na barabara vikaja vibanda vya chipsi, soda, biskuti na maandazi mbele ya lango la kila shule. Mtoto wa jijini hupelekwa shule kwa gari na hurudi nyumbani kwa gari. Ugali wake ni wa sembe iliyokobolewa hadi ikawa nyeupe, iliyopoteza kiini na pumba zenye virutubisho.

Si jambo la kubuni. Mwaka 2010 jarida la utafiti wa afya la Tanzania lilichapisha uchunguzi wa unene miongoni mwa watoto wa miaka 6 hadi 12 katika miji ya Dodoma na Morogoro. Mji ambao babu zake walikufa kwa Mtunya ulikuwa sasa unachunguzwa kwa unene wa watoto wake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 nao ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi.

Msomaji anaweza kudhani kwamba udumavu na unene ni mambo mawili yaliyo mbali, moja la maskini na jingine la matajiri. Sivyo. Wataalamu wa lishe wanatueleza kwamba mtoto aliyedumaa utotoni, akija kupata sukari na mafuta kwa wingi baadaye, yumo katika hatari zaidi ya kunenepa vibaya na kupata kisukari au shinikizo la damu. Biskuti na soda ni vyakula vya bei ndogo vinavyoshibisha bila kujenga. Mwanafunzi asiye na chakula cha shule, lakini mwenye shilingi mia mbili mfukoni, hununua andazi na pipi langoni. Leo ana njaa. Kesho, akipata kazi mjini, ni mnene mgonjwa. Mzazi wa matatizo yote mawili ni mmoja, yaani kuvunjika kwa uhusiano wa shamba la nchi na sahani ya mtoto.

Mataifa mengine yamekwisha kuionja hali hii. Mwaka 2025 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto lilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza duniani watoto wa umri wa shule wenye unene uliokithiri wamewazidi wale wenye uzito pungufu, ingawa katika Afrika kusini ya Sahara haijawa hivyo bado. Katika Uingereza, nchi ile iliyotaka mafuta ya Kongwa, zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano wanaomaliza shule ya msingi ana unene uliokithiri. Huko pia lilizuka swali iwapo chakula cha bure kitawanenepesha watoto zaidi. Tangu Septemba 2014 England iliwapa chakula cha mchana bila malipo watoto wote wa madarasa ya mwanzo, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Essex waliofuatilia uzito wao waliona kwamba unene ulipungua kidogo. Sababu ni rahisi kuielewa: chakula kilichopikwa kwa kanuni za lishe kilichukua nafasi ya vyakula ambavyo watoto wangebeba au kununua.

Kwa hiyo hoja kwamba chakula cha shule huleta unene haina nguvu. Kinachohusika ni nini kimo chunguni, kimetoka wapi, na nani wameachwa nje.

Kulilipa Deni

Jirani zetu wa Kenya walijaribu mwaka 1979 kwa maziwa ya shule yaliyojulikana kama maziwa ya Nyayo. Watu wa rika hilo bado wanayakumbuka kwa furaha, lakini mpango ulitegemea mfuko wa serikali kuu, na mfuko ulipotoboka maziwa yalikoma. Brazili ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2009 iliagiza kwamba si chini ya asilimia 30 ya fedha za chakula cha shule zinazotolewa na serikali kuu zitumike kununua mazao ya wakulima wadogo. Hivyo mkulima akapata soko, na mtoto akapata chakula cha kwao.

Uwanda wa kati una kila kitu kinachohitajika kwa njia hiyo. Kituo cha utafiti cha Hombolo, mkoani Dodoma, kimeshughulikia mtama na uwele kwa miaka mingi. Wataalamu wetu walizipa mbegu bora majina kama Tegemeo, Okoa na Shibe, na majina hayo yenyewe ni mpango wa lishe. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele na mtama. Uji wa uwele usiokobolewa, wenye karanga zilizosagwa na ubuyu, hauhitaji meli ya kuuleta. Mlenda hauhitaji kiwanda.

Kinachohitajika ni soko la uhakika. Mkulima akijua kwamba shule na halmashauri zitanunua uwele wake kwa bei halali, ataona faida ya kuulima na hata ya kumlipa mtu mzima kuamia ndege, badala ya kumtoa mtoto darasani. Hapo shule itakuwa imeilipa nafaka ile iliyoachwa bila mlinzi. Na pale ambapo mzazi hakuvuna, haifai mtoto wake ahesabiwe kuwa mdaiwa, maana katika hesabu ndefu ya historia familia yake ndiyo inayodai.

Hitimisho

Tumeona kwamba mtoto wa Ugogo wa zamani alikula nafaka aliyoilinda. Kwamba vita vya wageni viliinyang'anya nchi akiba yake na kuleta Mtunya. Kwamba mkoloni aliulima uwanda huu kwa ajili ya meza za kwao. Kwamba taifa huru lilimpa kila mtoto darasa, lakini halikuweza bado kumpa kila mtoto sahani. Na kwamba pengo hilo leo linajazwa na msaada upitao, michango isiyo sawa, na vitu vitamu vya langoni.

Walimu na wanafunzi mnaosoma insha hii mnaweza kuiendeleza kazi hii ninyi wenyewe. Waulizeni wazee wa vijiji vyenu majina ya njaa walizozisikia, mboga walizozianika, na mwaka ambao dungu la mwisho lilisimamishwa katika shamba lao. Hesabuni wanafunzi wanaokula na wasiokula katika shule yenu, na muandike hesabu hiyo. Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na mashairi peke yake. Umo pia katika chungu, na katika namna tunavyopanga foleni mbele yake. Siku ambayo mtoto wa asiyevuna atapokea sahani sawa na ya mwenzake, ikiwa na nafaka ya nchi yake mwenyewe, ndiyo siku tutakayoanza kulifuta deni hili.